Gololi za Baisikeli: Zilikotoka na Namna ya Kuzitunza

Mtu ashukaye kutoka Sumbawanga kwenda Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, huteremka yapata mita 1,000 kabla ya kufika chini. Mwenye baisikeli hushuka akiishikilia kwa nguvu isimponyoke. Kurudi ndiko kwenye taabu, maana juu ya karia pana gunia la mpunga au tita la samaki wakavu, naye asukuma hatua kwa hatua hata afike penye upepo baridi wa juu. Katika safari ya namna hiyo uzito wote, wa mzigo na wa chombo chenyewe, waegemea vitu ambavyo mwenyewe huenda hajaviona hata mara moja tangu siku aliyoinunua baisikeli yake. Vitu hivyo ni gololi za chuma, nazo kwa kawaida ni 38 tu kwa hesabu: 20 katika gurudumu la mbele, na 18 katika gurudumu la nyuma.

Ndugu wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kusema habari za gololi hizo: ni nani aliyezifikiri, zilipataje kuwa ngumu na sawasawa, na kwa nini baisikeli ya zamani iliyochakaa yaweza kuponywa kwa spana mbili na mafuta ya taa kidogo. Na kwa kuwa habari za chuma katika Ufipa ni za zamani kuliko baisikeli, itatubidi kupita huko pia.

Kwanza tulifungue gurudumu kwa maneno, kabla ya kulifungua kwa spana. Katikati yake mna kitovu, ambacho mafundi wetu hukiita habu. Ni bomba fupi la chuma, na spoku zote zimeshikwa nacho. Katika baisikeli za Kiingereza za zamani desturi ilikuwa spoku 32 mbele na 40 nyuma. Kila upande wa kitovu mmetiwa kikombe cha chuma kigumu, mdomo wake ukitazama nje. Ndani ya bomba hupita ekseli, nayo haizunguki, bali imefungwa kwa nati katika foku. Juu ya ekseli, kila upande, mna koni yenye mikato ya parafujo ndani yake, ipate kusogezwa mbele na nyuma. Kati ya kikombe na koni ndipo gololi zinapokaa, zimejipanga kama pete, zimelowa grisi. Gurudumu likienda, kikombe chazunguka pamoja nalo, koni yatulia, na gololi zabingirika kati ya viwili hivyo.

Huko kubingirika ndiko siri yenyewe. Wavuvi wa Kasanga na Kipili wakitaka kupandisha mtumbwi mzito ufukoni hawauburuti juu ya mawe. Huweka magogo ya mviringo chini yake, nao mtumbwi huja. Kiburutwacho hukwaruza na kushika moto. Kibingirikacho hakikwaruzi ila kidogo sana. Mkokoteni wa ng'ombe ambao ekseli yake husuguana na mti mtupu hulia njia nzima, na kilio chake ni nguvu ya ng'ombe inayopotea bure.

Warumi wa kale walilijua jambo hilo. Maji ya Ziwa Nemi, karibu na mji wa Roma, yalipoanza kupunguzwa mwaka wa 1928, zilionekana merikebu mbili za zamani za Kaisari Caligula, aliyetawala tangu mwaka wa 37 hata mwaka wa 41 baada ya Kristo, na katika mabaki yake mlikuwa na gololi za shaba nyeusi zilizochukua jukwaa la kuzunguka. Kisha miaka mingi ikapita. Mwaka wa 1794 mtu mmoja wa Carmarthen, katika nchi ya Wales, jina lake Philip Vaughan, alipewa hati ya serikali ya kutia gololi katika ekseli ya gari. Lakini akili hiyo haikuenea, na sababu yake si ngumu kuifahamu. Kuwazia gololi ni rahisi; kufanya gololi mia zilizo ngumu, mviringo kamili, na sawasawa kwa kipimo, hakuna aliyekuwa na zana za kufanya hivyo.

Baisikeli ndiyo iliyoleta haja. Gari la farasi lenye ekseli nzito laweza kuvumiliwa, kwa kuwa farasi hasemi. Bali mtu aendeshaye chombo kwa miguu yake mwenyewe husikia kila punje ya uzito. Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kilitengenezwa na Karl Drais huko Ujerumani mwaka wa 1817. Kilikuwa cha mti, hakikuwa na pedeli, na mpandaji alisukuma ardhi kwa nyayo zake. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedeli katika gurudumu la mbele, lakini magurudumu yalikuwa ya mti na chuma, na Waingereza wakakiita chombo hicho mtikisa mifupa.

Mwaka wa 1869 Jules Suriray wa Paris alipata hati kwa ajili ya gololi katika kitovu cha baisikeli. Mwezi wa Novemba wa mwaka uo huo yalifanyika mashindano toka Paris mpaka Rouen, mwendo wa kilometa 120 na zaidi kidogo, na mshindi alikuwa James Moore, Mwingereza aliyekaa Ufaransa, aliyetumia muda wa saa 10 na zaidi. Yasemwa kwamba baisikeli yake ilikuwa na gololi za Suriray. Hatusemi kwamba gololi peke yake ndizo zilizoshinda, maana miguu ya Moore nayo ilikuwa na sehemu yake. Lakini tangu siku hizo kila fundi wa baisikeli alitaka kujua habari za gololi.

Sasa twafika mahali ambapo twaomba msikilize sana, kwa sababu wanaoandika habari za baisikeli hupapita upesi. Chuma chochote kibebacho mzigo kitalika. Gololi zitalika, koni italika, kikombe kitalika. Na vikilika, nafasi huingia kati yake na gurudumu huyumba. Basi, je, chombo kizima kitupwe? Mwaka wa 1877 huko Birmingham, Joseph Henry Hughes alipata hati ya kitovu chenye gololi ambacho kiliweza kukazwa na kulegezwa, na William Bown wa mji huohuo akavitengeneza kwa kuuza. Maana yake ni kwamba chuma kikilika kidogo, mtu husogeza kidogo, na gurudumu hurudi mahali pake. Twaona kwamba hati hiyo yapasa kutajwa pamoja na zile kubwa zinazotajwa siku zote. Kwa akili hiyo baisikeli imekuwa chombo ambacho mwenyewe aweza kukifungua, kukitazama, na kukifunga tena, wala haimlazimu kukirudisha kiwandani.

Ilibaki kazi ya kuzifanya gololi zenyewe ziwe sawasawa. Tuseme katika pete ya gololi tisa mna moja iliyo kubwa kuliko wenziwe kwa unene wa unywele. Hiyo moja ndiyo itakayochukua mzigo wote kila inapopita chini, na hizo nane zitatembea tu kama wasindikizaji wa harusi. Ile moja itapasuka, na vipande vyake vitakwaruza koni na kikombe. Mwaka wa 1883 Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja hata zote zikawa mviringo na za kipimo kimoja. Toka hapo bei ilishuka. Mwaka wa 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baisikeli yenye magurudumu yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma, na mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, akapata hati ya tairi la upepo. Mtu wa leo akiiona baisikeli ya Starley hatashangaa. Ni jamaa ya hizi zetu.

Mji huo wa Schweinfurt uliendelea kuwa mji wa gololi, hata ukapata msiba kwa ajili yake. Katika vita vya pili vya dunia, kila eropleni, kila kifaru na kila lori lilihitaji gololi, na maadui wa Ujerumani wakafikiri kwamba wakiviharibu viwanda vya Schweinfurt, jeshi lote litasimama. Tarehe 14 Oktoba 1943 Waamerika walituma huko ndege kubwa za mabomu, na katika siku hiyo moja ndege zao 60 ziliangushwa. Viwanda viliumia, lakini jeshi halikusimama. Basi mtoto achezaye na gololi ya baisikeli barabarani ameshika kitu ambacho mataifa yalikipigania.

Turudi Ufipa. Kabla ya baisikeli ya kwanza kupita katika nyanda hizi, nchi hii ilikuwa na chuma chake. Katika milki zake mbili, Nkansi na Lyangalile, mafundi walijenga matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo kimo chake kilifika yapata mita 3. Hayakuvuviwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, ikapanda kwa nguvu ya joto kama ipandavyo katika dohani. Kilichotoka kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na taka. Bonge hilo likatiwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, ambalo lilivuviwa kwa mivukuto, kisha mhunzi akafua jembe, shoka au mkuki. Mwaka wa 1937 maelezo ya kazi hiyo, yaliyoandikwa na R. C. H. Greig, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Lakini majembe ya kiwandani yenye bei nafuu yalikuwa yamekwisha kuingia sokoni, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 moto wa malungu ulizimika.

Tumewasikia vijana wakisema kwamba wazee wetu hawakujua chuma, ndiyo sababu hawakutengeneza baisikeli. Maneno hayo hayana haki. Chuma cha malungu kilikuwa laini, kwa kuwa kaboni yake ilikuwa chache, wala haikuenea sawasawa. Nacho kilifaa sana kwa jembe, maana jembe likigonga jiwe sharti lipinde bila kuvunjika, mhunzi apate kulinyosha. Gololi ni kinyume chake. Yenyewe haitakiwi kupinda wala kubonyea hata kidogo. Gololi bora zilizoenea katika karne ya 20 ni za chuma chenye kaboni sehemu 1 katika 100 na kromiamu yapata sehemu moja na nusu, kilichopashwa moto kikawa chekundu, kisha kikapozwa ghafula katika mafuta. Ni kazi mbili, zenye madini mbalimbali na haja mbalimbali, na hapana sababu ya kuidharau moja kwa ajili ya nyingine.

Lakini twakiri kwamba biashara ileile ya ng'ambo iliyozima malungu ndiyo iliyotuletea baisikeli. Wanaume wa Ufipa walikwenda katika mashamba ya katani, katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi iliyopata kuitwa Zambia mwaka wa 1964. Na kwa mishahara hiyo wako waliorudi na baisikeli za Raleigh, kutoka Nottingham, na za viwanda vingine vya Kiingereza. Baadaye zilikuja za Kihindi na za Kichina, nazo Phoenix ya Shanghai twaijua wote. Umbo la kitovu halikubadilika sana. Mtu aliyejifunza kufungua Raleigh ya babu yake aweza kufungua Phoenix ya mjomba wake.

Sasa gololi hufaje? Katika Ufipa zina adui wawili. Tangu mwezi wa Mei hata Oktoba ni vumbi, ambalo huingia polepole penye upenyo kati ya koni na kitovu, likachanganyika na grisi likawa kama jiwe la kunolea. Tangu Novemba hata Aprili ni maji na tope. Baisikeli ikivushwa katika kijito hata kitovu kikazama, maji huingia, grisi huoshwa, na chuma hupata kutu usiku ule ule. Na koni nyingi, hasa za bei ndogo, zina ugumu wa ngozi tu: juu ni chuma kigumu, ndani ni laini. Ngozi hiyo ikitobolewa na vishimo, ndani huliwa upesi kama muhogo ulioingiwa na mchwa.

Dalili zake ni rahisi. Inua gurudumu, lizungushe polepole, na uweke mkono juu ya foku: ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, gololi zina uchafu au zimepasuka. Kisha shika ringi utikise kushoto na kulia. Likicheza, kuna nafasi kati ya koni na gololi. Hapa ndipo wengi huharibu. Waonapo gurudumu lacheza, hukaza koni kwa nguvu zote mpaka lisicheze, nao hufurahi. Gololi zilizobanwa hivyo, zenye uchafu ndani yake, hazibingiriki tena, zasaga. Katika mwezi mmoja huleta uharibifu ambao vumbi la mwaka mzima lisingeweza kuuleta. Kukaza bila kusafisha si matengenezo.

Kazi yenyewe twaweza kuieleza kwa ufupi. Tandika kitambaa cheupe chini, maana gololi hupenda kukimbia. Toa gurudumu, kisha upande mmoja wa ekseli fungua nati ya kubania na utoe koni. Upande wa pili uache kama ulivyo, upate kujua mahali pa kurudishia. Vuta ekseli taratibu, na uzihesabu gololi zitokazo kila upande: kwa kawaida ni 10 ndogo kila upande mbele, na 9 kubwa kidogo kila upande nyuma. Ukipata pungufu, ujue aliyetangulia kufungua alipoteza, au moja imepasuka ndani. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, kisha utazame.

Utazame nini? Katika koni kuna njia ya gololi, mstari unaong'aa kuizunguka. Mstari mwembamba uliolainika ni alama ya afya. Mstari wenye vishimo ni ugonjwa. Kama macho hayatoshi, pitisha ncha ya kalamu juu ya mstari huo. Ikikwama, koni hiyo imekwisha, nayo haifai kurudishwa. Gololi zilizofifia rangi hubadilishwa zote pamoja, wala si mbili au tatu tu, kwa sababu ile tuliyoieleza katika habari ya Fischer: mpya ni kubwa kuliko iliyolika, nayo itabeba mzigo peke yake. Tumemwona fundi mmoja aliyekuwa na kopo la gololi za kila namna, akachagua kwa macho zinazofanana. Macho hayawezi. Seti nzima ya gololi si ghali, na hata koni mbili zikiongezwa juu yake, gharama ni ndogo kuliko kitovu kizima.

Tia grisi safi vikombeni kwa kidole, na upange gololi ndani yake; grisi itazishika zisianguke. Wako watiao samli au mafuta ya karanga kwa kukosa grisi. Kwa siku mbili gurudumu huenda vizuri, kisha mafuta hayo hugeuka ulimbo na kukusanya vumbi, nasi twashauri kungoja mpaka grisi ipatikane. Baisikeli nyingine za zamani zina tundu dogo katikati ya kitovu, lenye kifuniko cha kuzunguka. Hilo ni la mafuta ya mashine, matone machache kila mara, na kifuniko kisipotee, maana tundu wazi ni mlango wa vumbi.

Rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole mpaka iguse gololi, kisha uirudishe nyuma kidogo, chini ya robo ya mzunguko. Shika koni kwa spana nyembamba isisogee, na kwa spana ya pili kaza nati ya kubania. Jaribu tena, kwa kuwa mara nyingi nati ikikazwa koni husogea nayo. Kipimo chetu ni kile cha mafundi wa zamani: gurudumu likiinuliwa na kuachwa huru, uzito wa valvu peke yake watosha kulizungusha. Valvu itashuka, itapita chini, itapanda kidogo upande wa pili, itarudi, nayo itakwenda na kurudi hivyo kabla ya kutulia. Likisimama ghafula, koni imebana.

Kuna hali moja ambayo haiponi kwa njia hii. Kama vishimo vimeingia katika kikombe, wala si katika koni tu, sharti kikombe kitolewe kwa nyundo na kingine kipigwe mahali pake, nacho cha kipimo kile kile si rahisi kukipata siku hizi kwa baisikeli za zamani sana. Kisipopatikana, hubadilishwa kitovu chote. Hapo spoku zote 40 za gurudumu la nyuma zitafunguliwa moja moja, zitasukwa upya katika kitovu kipya, na gurudumu litanyoshwa hata liache kuyumba. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi mwenye subira, nayo hulipiwa kama kazi ya siku nzima. Mwenye baisikeli aliyefungua kitovu chake mara moja kabla ya mvua na mara moja baada ya mvua, akabadilisha koni ya kwanza ilipoonyesha vishimo, kwa kawaida hafiki huko.